Krismasi ya Roma: siku nne hazitoshi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumze na kamati za hija za parokia, na pia na familia ambazo wakati huu zinachangishana kwa ajili ya kwenda Roma Desemba. Mwezi wenyewe unaonekana uko mbali, lakini makosa makubwa ya safari hii hufanyika sasa, pale ratiba inapochapwa na watu wanapoanza kulipa kidogokidogo.

Ratiba inayotangazwa zaidi ni hii: kuondoka tarehe 23 Desemba, kutua Roma asubuhi ya tarehe 24, Misa ya Baba Mtakatifu usiku huohuo, kurudi tarehe 27. Kwa mtu aliyeweka akiba miaka mingi, hizo ndizo siku nne mbaya kuliko zote angeweza kuuziwa, na aone anachokipoteza kabla hajatoa malipo ya mwisho.

Kuanzia mchana wa tarehe 24 mji unaanza kufunga. Maduka yanashusha milango, wenye migahawa wanakwenda kula na familia zao, na kwa kawaida treni za chini ya ardhi na mabasi mengi husimama mapema, kwenye saa 3 usiku. Tarehe 25 usafiri huanza saa 2:30 hivi asubuhi, ukasimama saa 7 mchana, ukarudi saa 10:30 jioni hadi saa 3 usiku. Katikati hapo ni miguu au teksi, na teksi siku hiyo ni za kutafuta. Makumbusho ya Vatican, ambamo ndimo lilimo Kanisa Dogo la Sistina, hufungwa tarehe 25 na tarehe 26 pia, siku ya Mtakatifu Stefano, ambayo ni sikukuu ya kitaifa Italia. Siku inayobaki ni tarehe 27, na hiyo ni ya kubeba mizigo kwenda uwanja wa ndege. Mahujaji wanarudi nyumbani bila kuona Sistina, wamekula mikate ya dukani Krismasi nzima, na hakuna aliyewaambia mapema kwamba ingekuwa hivyo.

Waitaliano hawaihesabu Krismasi kwa siku mbili. Majira yao yanafunguliwa tarehe 8 Desemba, Sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Alfajiri ya siku hiyo askari wa zimamoto hupanda ngazi ndefu na kuweka taji la maua kwenye mkono wa sanamu ya Mama Maria, juu ya nguzo iliyo karibu na Piazza di Spagna. Nguzo hiyo, iliyozinduliwa mwaka 1857, ilisimamishwa kwa nguvu za askari wa zimamoto, ndiyo maana kazi hiyo imebaki kuwa yao. Alasiri Baba Mtakatifu mwenyewe huja hapo kusali. Majira hayo yanafungwa tarehe 6 Januari, Tokeo la Bwana, ambayo kwa Italia ni sikukuu yenye uzito na watoto huingoja kwa hamu, kwa sababu usiku wa kuamkia siku hiyo ndipo Befana, bibi kizee wa hadithi za watoto, hupita na zawadi. Mtoto mtukutu hupata makaa, siku hizi makaa ya sukari nyeusi yanayouzwa kwenye soko la Piazza Navona.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja kati ya miwili. Anayetaka Misa ya mkesha afike tarehe 21 au 22, aone makumbusho na makanisa kabla mji haujafunga, kisha akae angalau hadi tarehe 28. Asiyeshikilia Misa ya mkesha aende tarehe 28 Desemba, arudi tarehe 7 Januari. Huyu wa pili, kwa maoni yangu, ndiye anayefaidi. Atapata masifu ya jioni ya tarehe 31, wimbo wa shukrani ukiimbwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro. Atapata Misa ya tarehe 1 Januari na ile ya tarehe 6. Na mapango ya Noeli, yaani yale ya sanamu za kuzaliwa kwa Yesu, atayakuta yamekamilika.

Hili la mapango nalisisitiza kwa makusudi. Katika Roma hori huachwa tupu Majilio yote. Mtoto Yesu hulazwa humo usiku wa tarehe 24 tu, na mamajusi hufika tarehe 6. Anayekwenda mapema Desemba akapiga picha pango la Uwanja wa Mtakatifu Petro atarudi na picha ya Yosefu na Maria wakitazama majani makavu. Pango hilo na mti wake ni desturi iliyoanzishwa na Papa Yohane Paulo wa II mwaka 1982. Hubaki uwanjani hadi Sherehe ya Ubatizo wa Bwana, kwa hiyo hakuna haraka ya kuyawahi kabla ya Krismasi.

Sasa Misa yenyewe. Kuingia kunahitaji tiketi, na tiketi ni bure. Hutolewa na Prefettura della Casa Pontificia, ofisi ya Vatican inayosimamia sherehe na mikutano ya Baba Mtakatifu. Ombi huandikwa miezi kabla, likitaja sherehe inayoombwa, idadi ya watu, jina la kiongozi wa kikundi na mahali watakapofikia Roma. Tiketi zenyewe huchukuliwa siku chache kabla kwenye Lango la Shaba, upande wa kulia wa nguzo za uwanja ukiwa unalitazama kanisa. Njia nyepesi kwa watu wetu ni kupitia mapadre na masista wanaosoma huko, au nyumba ya kitawa mtakayolala, maana nyumba hizo zimezoea kuwaombea wageni wao. Wakala akiorodhesha tiketi ya Misa ya Papa kwenye bei, mwulize bei hiyo ni ya nini. Kama ni ada ya kazi yake, aiandike hivyo. Tiketi ya Papa haina bei hata senti moja, na anayeiuza anafanya ulaghai.

Kuwa na tiketi hakukupi kiti. Inakuruhusu kupanga foleni ya ukaguzi, na watu wanapoingia ndipo viti hugombewa, anayetangulia ndiye anayekaa. Fikeni kwenye nguzo za uwanja ukiwa umebaki muda wa saa mbili au tatu kabla ya Misa kuanza. Begi kubwa, kisu kidogo cha matunda na chupa ya kioo vitawakwamisha kwenye mashine za ukaguzi. Wazee waende choo kabla ya kujiunga na foleni, kwa sababu ukitoka umepoteza nafasi. Waliokosa tiketi wanaweza kufuatilia Misa uwanjani kwenye skrini kubwa, na si jambo la kudharau ikiwa wamevaa vizuri.

Saa ya Misa isiandikwe kwenye ratiba kabla Vatican haijaitangaza. Kwa miaka mingi ilikuwa saa 6 kamili usiku, ndiyo maana mpaka leo wengi wetu tunaiita hivyo. Mwaka 2009 Papa Benedikto wa XVI aliileta saa 4 usiku. Papa Fransisko akaiweka saa 3:30, na mwaka 2020, kwa sababu ya amri ya kutotoka nje wakati wa korona, ikashuka hadi saa 1:30, ikabaki hapo miaka kadhaa. Mwaka 2024 ilikuwa saa 1 kamili kwa ajili ya kufungua Mlango Mtakatifu wa Jubilei. Papa Leo wa XIV mwaka 2025 aliirudisha saa 4. Na jihadharini na saa za karatasi za Kiitaliano, zinazoandikwa kwa mtindo wa 22:00. Kuna vikundi hukosea kubadilisha wakati wa kuandaa ratiba. Kipindi hicho Roma iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili, kwa hiyo Misa ikianza saa 4 usiku huko, nyumbani ni saa 6 kamili.

Tatizo kubwa la usiku huo huja baada ya baraka ya mwisho. Misa ya saa 4 inakaribia saa 6 kwisha, treni zimelala, na kikundi cha watu 40 kimepangiwa hoteli ya bei rahisi upande wa pili wa mji. Wazee wanatembea kwa saa nzima na zaidi kwenye baridi. Kwa mkesha huo lazima malazi yawe mahali pa kutembea kwa miguu: mitaa ya Borgo, Prati, au upande wa Aurelio nyuma ya Vatican. Kama fedha haitoshi kwa wiki nzima, laleni karibu usiku ule mmoja au miwili tu, au mkodi basi la kuwasubiri na mkubaliane kwa maandishi litasimama wapi. Wanaofikia nyumba za masista waulize mapema geti linafungwa saa ngapi. Nyingi hufunga saa 5 usiku, na kwa mkesha wa Noeli wengi wa masista hukubali kuongeza muda, ila lazima uombe kabla, usigonge mlango saa 7 usiku ukitegemea huruma.

Tarehe 25 saa 6 mchana Baba Mtakatifu hutokea kwenye roshani ya katikati ya Kanisa Kuu na kutoa baraka ya Urbi et Orbi, yaani kwa mji na kwa dunia. Hapa hapahitaji tiketi. Kuna ukaguzi tu, na ukifika saa 4 asubuhi utapata mahali pazuri. Kesho yake, tarehe 26, saa hiyohiyo, kuna sala ya Malaika wa Bwana.

Nje ya Vatican, kuna makanisa mawili ambayo hayapaswi kukosekana kwenye ratiba ya Noeli, na yote mawili huachwa na waandaaji wengi. La kwanza ni Santa Maria Maggiore, mwendo mfupi kutoka kituo kikuu cha treni cha Termini. Chini ya altare kuu kuna chombo cha kioo na fedha chenye vipande vya mbao vinavyoheshimiwa kuwa vya hori la Bethlehemu. Kwenye makumbusho ya kanisa hilo kuna sanamu za mawe za pango zilizochongwa na Arnolfo di Cambio mwishoni mwa karne ya 13, miongoni mwa sanamu za kale kabisa za namna hiyo. Na humo ndimo lilimo kaburi la Papa Fransisko, aliyezikwa Aprili 2025, hivyo foleni yake ihesabiwe kwenye muda.

La pili ni Santa Maria in Aracoeli, juu ya kilima cha Campidoglio. Humo kuna Mtoto Mtakatifu, sanamu ya Yesu mchanga ambayo mapokeo yanasema ilichongwa kwa mzeituni wa bustani ya Gethsemane. Ile ya asili iliibwa mwaka 1994 na haijapatikana, iliyopo ni nakala, lakini heshima ya Waroma kwake haikupungua, na watoto bado huiandikia barua. Usiku wa Noeli huwekwa kwenye pango, na tarehe 6 Januari hutolewa hadi kichwani mwa ngazi kuubariki mji. Ngazi hizo, zilizojengwa mwaka 1348, ni vidato 124 visivyo na mahali pa kukaa. Mwenye magoti mabovu apande kwa njia pana ya Piazza del Campidoglio iliyo jirani, aingie kwa mlango wa ubavuni. Atapanda vidato vichache zaidi na atasali mbele ya pango lilelile.

Kuna pango jingine ninalolipenda kwa moyo wote, na liko hatua chache kutoka nguzo za Mtakatifu Petro, mtaa wa Cavalleggeri, ndani ya jengo la wafagia barabara wa Roma. Lilijengwa na mmoja wao, Giuseppe Ianni, mwaka 1972, kwa mawe, yakiwemo yaliyoletwa kutoka nchi nyingi za dunia. Mapapa wamelitembelea. Kwa mahujaji wetu pango hilo linasema jambo ambalo makanisa ya marumaru hayasemi kwa urahisi.

Mwenye siku ya ziada apande treni ya mwendo kasi aende Napoli, saa moja na dakika 10 hivi kutoka Termini. Asiende siku ya sikukuu, na aepuke Jumamosi na Jumapili za Desemba, maana mtaa wa mafundi wa sanamu za mapango, San Gregorio Armeno, ni mwembamba na unajaa hadi watu hawasogei. Ukiondoka Roma asubuhi ya saa 1 siku ya kazi utawakuta mafundi wakiwa na nafasi ya kukueleza. Hapo ndipo sanamu za mapango hutengenezwa na kuuzwa mwaka mzima. Za kifahari za karne ya 18 zilikuwa na kichwa cha udongo wa kuchoma, macho ya kioo, mikono na miguu ya mbao, na kiwiliwili cha waya uliozungushiwa nyuzi za katani, ili fundi aweze kuukunja mwili apendavyo kisha auvalishe nguo za hariri. Mfano mmoja mkubwa ni pango la Cuciniello kwenye makumbusho ya San Martino, kilimani Vomero, lililofunguliwa mwaka 1879. Ukiliona hilo kwanza, mtaani hutadanganywa kirahisi.

Sanamu za mtaani huuzwa kwa kimo, kwa sentimita. Chagua kimo kimoja kwa familia takatifu na wachungaji wote. Kosa la kawaida ni kununua Maria wa sentimita 10 na kondoo wa sentimita 8 kutoka meza nyingine, na nyumbani kondoo anakuwa kama ng'ombe. Zilizopunguzwa kidogo kimo ziwekwe nyuma, zitaonekana kuwa mbali. Udongo wa kuchoma ni mzito na baridi mkononi, plastiki ni nyepesi na ina mshono ubavuni, na bei zake zisilingane. Usiziweke kwenye begi la kupakiwa chini ya ndege. Zifungie kwenye soksi na sweta, uzibebe mkononi. Majani na gome la mti vya kupambia pango waachieni wenyewe huko, maana wakaguzi wa mimea wanaweza kuvizuia uwanjani, na kwetu majani hayajakosekana.

Chakula nitakisema kwa ufupi. Tarehe 24 usiku Waroma hawali nyama: ni samaki, mboga zilizochovywa kwenye unga na kukaangwa, na samaki mkavu wa chumvi. Nyama huja tarehe 25 mchana, na mgahawa utakaofungua siku hiyo mara nyingi hupika mlo mmoja wa bei maalumu unaowekewa nafasi wiki kadhaa kabla. Kikundi kisicho na nafasi kinunue chakula asubuhi ya tarehe 24. Usiku wa mwaka mpya huliwa dengu na soseji nene iitwayo cotechino, ambayo ni ya nguruwe, na asiyekula nguruwe aulize kabla sahani haijafika. Zawadi rahisi ya kurudi nayo ni panettone. Sheria ya Italia ya mwaka 2005 inataka keki yenye jina hilo iwe na siagi isiyopungua asilimia 16, na zabibu na maganda ya machungwa yasiyopungua asilimia 20. Soma boksi. Ikikosa jina hilo, ni keki tu yenye umbo linalofanana.

Baridi ya Roma haiui, lakini inawashinda wanaoidharau. Mchana huwa nyuzi 12 au 13, usiku hushuka hadi 4 hivi, na mvua ni ya kawaida. Jua linazama kabla ya saa 11 jioni. Vaeni nguo nyembamba tatu badala ya koti moja zito, soksi za sufu, na viatu vyenye soli ya mpira yenye meno, kwa sababu mawe madogo ya barabarani huteleza yakilowa na ndiyo yanayovunja viuno vya wazee wetu. Viatu vipya visivaliwe mara ya kwanza huko. Kwenye basi namba 64, linalotoka Termini kuelekea Vatican, pasipoti na fedha vikae kifuani, chini ya koti. Wezi wa mifukoni wanalijua basi hilo kuliko madereva wake.

Kutoka uwanja wa ndege wa Fiumicino, treni ya moja kwa moja hadi Termini ni euro 14 na dakika 32. Teksi hadi ndani ya kuta za kale za mji ina bei iliyopangwa, euro 55 kwa gari zima pamoja na mizigo. Watu watatu au wanne wenye mabegi wachukue teksi. Hoteli itawadai pia kodi ya wageni ya manispaa, ambayo haimo kwenye bei mliyolipa: kwa hoteli ya nyota tatu ni euro 6 kwa mtu kwa usiku. Kwa kikundi cha watu 40 na siku tisa, hiyo ni fedha nyingi ya kukusanywa ghafla mapokezini.

Viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo, huombwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na isiwe chini ya siku 15. Maombi yanaweza kuchukua hadi siku 45 yakihitaji uchunguzi, kwa hiyo mwisho wa Septemba kila mmoja awe ameshapata miadi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Bima ya safari ifikie euro 30,000. Pasipoti iwe na uhai wa miezi mitatu baada ya siku ya kurudi, isizidi miaka 10 tangu ilipotolewa, na iwe na kurasa mbili wazi. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja au na shangazi atatakiwa barua ya idhini ya wazazi. Hicho ndicho kinachochelewesha vikundi kuliko kitu kingine chochote, basi karatasi hizo zikusanywe kwanza, kabla hata ya michango.

Mratibu wa safari za hija,
Morogoro